Siku ya Tano Bila Supu

Idris Mahmood alikuwa amekata nyama kwa miaka thelathini na moja, na hakuna siku kisu kilimtetemekea mkononi. Kwa hiyo asubuhi ya tatu ya Ramadhani, alipokuwa akitenganisha paja la ng'ombe na akajikuta amejichana kidole gumba, alisimama akaitazama ile damu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mteja aliyekuwa akingoja nusu kilo alimwambia pole. Idris akacheka, akafunga kidole kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinakimbia, na hakujua kinakimbia nini.

Aliyemjua asingeamini. Huyu ndiye Idris aliyebaki amesimama mlangoni pa bucha yake siku lori lilipokatika breki hapo Makutano, mjini Meru, likaparamia vibanda, watu wote wametimua mbio, yeye akiuliza tu kama kuna aliyeumia. Alikuwa mtu mzito, mwenye tumbo la heshima na maneno machache. Babu yake alikuja Meru akifuata ng'ombe kutoka kaskazini, nyanya yake alikuwa Mmeru wa Imenti, na upande wa mama kulikuwa na damu ambayo hata wazee wa mtaa wa Majengo hawakuweza kuitaja vizuri. Ukimuuliza kabila lake, alikujibu, "Mimi ni wa bucha," na hapo mazungumzo yakaishia.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa akishtuka mlango ukigongwa. Honda ya bodaboda ikipita, moyo ulimpiga hadi kooni. Usiku hakulala, na mchana alikuwa na hakika kwamba jambo baya linakuja, ila hakujua litatokea upande gani. Aliswali zaidi. Alijiambia ni njaa ya funga, kisha akakumbuka kwamba amefunga tangu utotoni na njaa haijawahi kumtia woga. Alifikiria shetani. Lakini mashetani, tunaambiwa, hufungwa minyororo mwezi huu. Sasa huyu wa Idris alikuwa ametorokaje?

Alasiri ya siku aliyojikata, binti yake Latifah, anayefanya kazi katika duka la dawa ng'ambo ya barabara, alimkalisha kwenye kiti cha wateja akampima. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa juu.

"Baba, kuna kitu umeacha?"

"Nimeacha kula mchana, kama Waislamu wote."

"Sigara?"

"Tangu lini mimi nikavuta sigara?"

"Dawa yoyote ulikuwa unameza, ukaiacha?"

"Hakuna."

Alisema kweli kama alivyoijua. Idris hakuwa akimeza dawa yoyote. Alikuwa akinywa supu.

Na hapa inabidi niieleze supu yenyewe, maana bila hiyo huwezi kumwelewa mtu huyu. Huku Meru supu ya mifupa bila mizizi ni maji ya moto. Kila mwenye bucha ana sufuria lake nyuma ya duka, na ndani yake kuna kichwa, kwato, mifupa, pamoja na mizizi na maganda ya miti anayoyajua mwenyewe. Hakuna anayeuliza umetia nini. Kuuliza ni utovu wa adabu, tena ni kama kumtuhumu mtu. Na sufuria la supu halimwagwi. Jioni unaliacha, asubuhi unaongeza maji na mifupa mipya juu ya ile ya jana, unachochea moto. Wenye bucha husema hivyo ndivyo supu inavyopata utu uzima.

Sufuria la Idris lilipata sifa mwaka uliopita, baada ya Idd, na sifa hiyo ilianzia kwenye msiba. Mkewe Mwanatatu alifariki siku sita tu baada ya sikukuu. Idris akakosa usingizi. Akawa anakaa kitandani akisikiliza upande wa pili wa kitanda. Ndipo mama mmoja muuza miti shamba, Cicily wa Kanja kule Embu, ambaye huja Meru siku za soko na kiondo cha magome, alipomtazama usoni akamtolea mzizi mweusi wenye harufu ya udongo mbichi. Akamwambia akate kipande cha urefu wa kidole, akichemshe katika maji kidogo, anywe jioni tatu. Idris alikunywa, na usiku wa kwanza akalala kama mtu aliyesamehewa.

Alichofanya baadaye alikifanya kwa wema. Nasema hivyo kwa sababu wapo watakaosema vinginevyo. Aliona amepata kitu kizuri, na mtu wa bucha akipata kitu kizuri hukitia sufuriani. Kila asubuhi alitupia kipande kipya, na vya zamani havikutoka. Yeye mwenyewe alionja kikombe kizima kabla ya kumpa mtu, maana hakuwa mtu wa kuuza asichokionja. Wiki ya pili foleni ilikuwa imefika barabarani. Watafunaji wa miraa waliokuwa wakikesha macho makavu walikuja asubuhi wakanywa, wakaenda kulala. Madereva, akina mama wa mboga, walimu, wote walisema supu ya Idris inatuliza roho. Walimwuliza siri, naye akatabasamu. Karibu miezi kumi na moja alitabasamu hivyo.

Kisha mwezi ukaandama. Idris alifanya kama baba yake alivyofanya na babu yake kabla yake: aliosha sufuria, akalifunika, akaligeuza kifudifudi. Nyama angeuza, lakini kuwapikia watu supu mchana wa Ramadhani hakuona vyema. Wateja Wakristo walimtania, wakasema watakonda. Akawaambia siku thelathini si nyingi.

Siku ya nne, karibu na saa sita, Joyline aliingia bucha akiwa na macho mekundu. Joyline ni binti wa Mwalimu Kailemia, mstaafu wa Githongo mwenye kiduka cha madaftari na kalamu hapo Makutano. Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa la Methodisti, mtu wa tai hata siku ya jua kali, na kwa miezi kumi hakukosa kikombe chake cha saa moja asubuhi. Idris alidhani amekuja kununua nyama.

"Baba Latifah, mzee yuko hospitali. Alianguka jana jioni kwa maombi, akatupa mikono na miguu mbele ya watu wote. Na kabla ya hapo alikuwa hajalala siku tatu. Mikono inatetemeka, anasikia watoto wa shule wanaimba na hakuna watoto. Usiku imemshika tena mara mbili."

Idris aliweka kisu chini. Aliiweka mikono yake chini ya meza.

"Sasa daktari anauliza kama mzee hunywa pombe," Joyline akaendelea, sauti ikipanda. "Anasema inakaa kama mtu ameacha pombe ghafla. Baba yangu! Watu wa kanisa walikuwa hapo wakasikia. Nimegombana na huyo daktari, nimemwambia asithubutu kumpa baba dawa ya walevi. Lakini nikajiambia, wacha niulize wewe, kwa sababu asubuhi alikuwa anapitia hapa. Niambie ukweli tu. Kuna siku alikuja ananuka pombe?"

"Hapana," Idris akasema. "Haki ya Mungu, hapana."

"Alikuwa anakuja kufanya nini?"

"Supu," akasema. "Supu tu."

Joyline alishukuru, akamshika mkono kwa mikono miwili, akatoka haraka. Idris alibaki akitazama mahali aliposimama. Hajalala siku tatu. Mikono inatetemeka. Alikuwa amesikia akielezwa mwili wake mwenyewe, na neno moja dogo alilolisema, lile "tu", lilikuwa limeuficha mzizi.

Nisimtetee. Angeweza kumkimbilia Joyline pale pale, hakuwa amefika mbali. Hakwenda. Aliogopa, na woga wake siku hizo ulikuwa mkubwa kuliko sababu zake: aliona bucha imefungwa, aliona polisi, aliona jina la baba yake likitemewa mate. Alifuturu tende moja akashindwa na ya pili. Kulipopambazuka alivuka barabara akamkuta Latifah akifungua duka la dawa, akamweleza yote akiwa amesimama, kuanzia kwa Cicily hadi sufuria, hadi Mwalimu aliyelazwa.

Latifah aliacha funguo zikining'inia mlangoni.

"Kila siku, Baba? Miezi kumi na moja?"

"Kila siku."

"Na haukutoa vile vipande vya zamani?"

"Sufuria la supu halimwagwi, mwanangu. Wewe unajua."

Akamvuta ndani, akamkalisha. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na wazee wanaokuja kuchukua dawa.

"Huo mzizi siujui, na sidhani kuna mtu ameupima. Lakini nikuambie jinsi dawa nyingi za usingizi zinavyofanya kazi. Kichwani kuna kemikali zinazopeleka ujumbe. Ziko za kuamsha na iko ya kutuliza. Hiyo ya kutuliza inaitwa GABA. Ikigusa seli ya ubongo, seli inapoa. Sasa kuna dawa, na kuna mimea, ambayo inaipa hiyo GABA nguvu. Ndiyo maana ulilala."

"Na hilo ni baya?"

"Siku tatu si baya. Lakini ubongo haupendi kuelemea upande mmoja. Ukiutuliza kila siku, wenyewe unajirekebisha. Unapunguza pale mahali GABA inaposhika, na unaongeza nguvu za kuamsha, ili wewe uweze kutembea na kuuza nyama. Baba, umeona ng'ombe mkali akifungwa kamba mbili, watu wanavuta huku na wengine huku?"

"Kila wiki."

"Upande mmoja waachilie ghafla."

Idris hakuhitaji kumaliziwa. Alikuwa amewahi kuona mtu akipigwa ukutani kwa namna hiyo.

"Ndiyo sababu dawa za usingizi tunawaambia watu wasiache kwa siku moja," Latifah akasema. "Zinapunguzwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Mtu akikata ghafla anakosa usingizi, anatetemeka, anaogopa vitu ambavyo havipo. Na mwingine anapata kifafa. Mwalimu ni mzee, Baba. Kifafa kikimrudia mara nyingi kinaweza kumuua."

Idris alitoa simu akampigia Cicily. Alitaka kusikia kwamba amekosea, kwamba ule mzizi ni majani ya chai. Cicily alikuwa shambani, mbuzi wakilia nyuma yake.

"Kila siku?" akapaza sauti. "Uuu, Idris! Ni nani alikuambia kila siku? Si nilikuambia jioni tatu? Huo mzizi hupewa mtu amefiwa. Analala siku tatu, ya nne anaamka, analia na nguvu zake, anarudi kwa kazi. Hakuna mtu hufiwa kila siku!"

Alikata simu, akavua aproni, akaondoka kwenda hospitali na Latifah akimfuata kwa hatua ndogo za kukimbia.

Mwalimu Kailemia alikuwa wodini, amefungwa mikono kwa bandeji kwenye kingo za kitanda asijichomoe dripu. Bila tai alionekana mdogo. Midomo ilikuwa imepasuka mahali alipojing'ata, na macho yalikuwa wazi yakifuata kitu kwenye dari. Joyline alikuwa upande mmoja. Daktari Kinoti, kijana mwembamba aliyeonekana hajalala naye, alikuwa akimweleza kwamba wanataka kumtoa maji ya mgongo, kwa sababu kama si pombe basi huenda ni homa ya uti wa mgongo.

"Msimchome," Idris akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa amesema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na sasa hakuweza kuirudisha.

"Ni mimi. Nilikuwa natia mzizi kwa supu. Mzizi wa usingizi. Amekunywa kila siku miezi kumi, na mimi nikafunika sufuria kwa sababu ya Ramadhani. Ameachishwa kwa siku moja. Hakunywa pombe. Mwalimu hajawahi kunywa pombe."

Latifah akaongeza yale ya kitabibu, haraka haraka. Daktari Kinoti alisikiliza, akauliza maswali matatu, kisha akamgeukia muuguzi akaagiza dawa. Ilikuwa dawa ileile aliyotaka kumpa tangu jana na akakatazwa. Alisema itashika mahali palipoachwa na mzizi, kisha wataipunguza kwa wiki kadhaa hadi ubongo uzoee tena kusimama wenyewe. Hakupayuka wala kufoka. Idris alitamani angefoka.

Joyline ndiye aliyemtazama.

"Nilikuuliza jana," akasema. "Baba Latifah, nilisimama mbele yako nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Usiku wa kuamkia leo imemshika mara tatu. Ya mwisho nilidhani ameenda. Na ni mimi niliendelea kukataa dawa, kwa sababu wewe uliniambia ni supu tu."

Idris alisema samahani. Neno lilikuwa dogo mno, akaliona dogo likitoka. Joyline alimpa mgongo akaanza kumfuta babake midomo kwa kitambaa chenye maji.

Dawa ilipoingia, wote walisimama wakingoja. Ilichukua muda mrefu, au labda ulikuwa mfupi na Idris ndiye aliyekuwa akihesabu vibaya. Kwanza vidole vya Mwalimu vilitulia. Kisha macho yakashuka kutoka darini, yakafungwa, na kifua kikaanza kupanda na kushuka bila haraka. Joyline alikaa kitako sakafuni akalia.

Daktari Kinoti alimchukua Idris pembeni. Alimtazama mikono.

"Na wewe ulikuwa unakunywa."

"Kila asubuhi."

Akampa kidonge na kikombe cha maji. Idris alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa bado linapanda. Latifah akamwambia kwa upole kwamba mgonjwa ameruhusiwa, atalipa siku baadaye. Idris alikunywa. Alikuwa hajawahi kula mchana wa Ramadhani tangu awe mtu mzima, na yale maji yalimshinda kumeza mara ya kwanza.

"Watu wangapi wengine?" daktari akauliza.

Idris hakuelewa mara moja.

"Waliokuwa wakinywa kila siku. Wangapi?"

Akafungua mdomo. Katika siku zile zote za kujiogopea yeye, na usiku ule wa kumwogopea Mwalimu, hakuwa amefikiria. Alianza kuwataja. Mama Karwirwa wa viazi. Mukiri wa kinyozi. Mutegi, na mkewe. Alijua kila mtu anachotaka: huyu chumvi nyingi, yule pilipili, huyu asitiliwe mafuta. Alifika ishirini na sita, na majina bado yanakuja. Daktari aliandika namba ya simu yake kwenye karatasi.

"Wote waje hapa, leo. Wasiambiwe warudie supu, hatujui kipimo chake. Na kuna yeyote kati yao anayeendesha gari?"

"Kivuti," Idris akasema, na tayari alikuwa anatembea.

Kivuti alikuwa dereva wa lori la mbao, Mmbeere mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika hadi stendi. Lori lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya vibanda vya Makutano. Watu walimwambia Idris limeharibika tangu juzi. Alipanda ngazi ya kabini akafungua mlango. Kivuti alikuwa ndani, madirisha yamefungwa, mikono imeshika usukani, injini imezimwa. Fulana ilikuwa imelowa jasho.

"Lori halina kitu," Kivuti akasema kabla ya kuulizwa. "Ni mimi siwezi kuwasha. Nikishika funguo naona nimeua mtu. Usiambie watu, mzee."

Idris akaingia, akakaa kiti cha abiria, akamweleza. Alieleza vibaya, akichanganya mzizi na ubongo na ng'ombe wa kamba mbili, lakini alieleza yote na hakuweka "tu" popote. Alimwonyesha mikono yake. Kivuti alitazama ile mikono, kisha yake mwenyewe.

"Kwa hivyo si wazimu?"

"Si wazimu. Ni mimi niliyekutia na ni mimi niliyekukatia. Kuna dawa. Twende sasa hivi."

Idris alingoja ngumi. Alikuwa ameikubali ngumi tangu hospitali. Lakini Kivuti aliinamisha kichwa kwenye usukani.

"Juzi nilipiga mtoto," akasema. "Alidondosha sufuria, nikashtuka, nikampiga hadi nikajiogopa. Nikaambia mke wangu nimerukwa na akili, achukue watoto aende kwao kabla sijaua mtu. Jana asubuhi ameenda. Simu yangu hashiki."

Nje mtu alikuwa akipiga kelele za kuuza ndizi. Idris alikaa na lile neno, juzi. Juzi yeye alikuwa akifunga kidole kwa kitambaa na kucheka. Jana asubuhi yule mama alipokuwa akifunga mizigo, bado ilikuwa saa kadhaa kabla ya Joyline kuingia bucha.

"Nipe namba yake," akasema.

Aliiandika kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akakosea, akaifuta, akaandika tena. Simu iliita kwa muda mrefu. Kisha sauti ya mwanamke ikasema haloo, kwa tahadhari, kama mtu anayezungumza akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

"Mama, mimi ni Idris, yule wa supu wa Makutano," akasema. "Usikate. Mume wako hana wazimu. Ni mimi."